Mguu Uliobaki

Ujumbe wa Mama Damaris ulifika mtaa wa Shauri Yako siku ya Ijumaa, jua likiwa limekwisha kupinduka, nao uliletwa na mtu asiyejua kulipunguza neno. Lynnet aliingia uani kwake mfuko wa samaki ukimning'inia mkononi, akamkuta mgeni wake Bhoke ameketi kwenye kigoda akichagua mchele, akasema kabla hajautua mzigo:

"Nimepitia kwa Mama Mkubwa. Anasema kesho kanisani atatawadhana miguu na wewe."

Bhoke aliacha mkono juu ya sinia. "Na mimi?"

"Na wewe. Hakumtaja mke wa mchungaji, hakutaja mashemasi wenzake. Alisema, 'Mwambie huyo msichana wa Ntimaru asitafute mwenzi mwingine.' Nikamwuliza, Mama, ni kwa wema? Akanijibu, 'Tutajua kwenye beseni.'"

Kwa washirika wa kanisa lao la Kisabato neno hilo halikuwa dogo. Mara moja kila robo ya mwaka, kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, waumini hutawadhana miguu, wanawake chumba chao na wanaume chao, wawili wawili, kama Bwana alivyowafanyia wanafunzi wake. Wengi huchukuana na rafiki. Lakini wazee waliolelewa katika shule za misheni wana desturi yao: mwenye jambo moyoni juu ya mwenziwe humtafuta huyo huyo na kumwinamia, na jambo hilo huishia kwenye beseni, au hujulikana kuwa halina mwisho. Mama Damaris, huyo Mama Mkubwa wa Lynnet, mjane na mkuu wa mashemasi wa kike, alikuwa mtu wa desturi.

Na jambo lake lilijulikana. Mwanawe wa kwanza, Walter, karani katika afisi za kaunti pale Homa Bay, alikuwa amemleta Bhoke binti Matiko nyumbani na kutamka kwamba ndiye. Mama alimpokea msichana, akamlisha, akamwuliza habari za wazazi wake. Alipoondoka, akamgeukia mwanawe.

"Wasichana wa ufuoni wameisha?"

"Hawajaisha, Mama."

"Basi hilo nitalimeza. Kabila si mfupa. Lakini hao ni watu wa ng'ombe, Walter, na ng'ombe hana Sabato. Tangu niolewe, jiko langu halijawashwa Ijumaa jua likishazama. Siku nitakapolala, mkeo ndiye atakayezichukua funguo za nyumba hii. Simtaki mtu wa kuishika Sabato nusu."

Bila kauli ya mama huyo wazee hawangevuka kwenda Ntimaru kupeleka posa, na Walter hakuwa kijana wa kuoa juu ya kauli ya mama. Bhoke alilijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo maana hakuuliza mengi. Aliinamisha macho tu, akaitazama miguu yake.

Ilikuwa miguu ya kazi. Bhoke alitibu mifugo huko Ogwedhi, ambako wafugaji wa pande zote hukutana mnadani. Siku za mvua alishinda ndani ya gambuti, siku za jua alishinda ndani ya sandali za mpira wa gari, akipita zizi hadi zizi na mfuko wa dawa begani. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo mweusi wa mwezi wa Januari. Kwenye mguu wa kulia, ukucha wa kidole gumba ulikuwa umevilia damu na kugeuka mweusi tititi.

Lynnet naye aliufuata mtazamo huo, akashika kiuno. "Wewe! Huo ukucha umepatwa na nini?"

"Fahali alinikanyaga."

"Na wewe ukamfanya nini?"

"Nikamdunga sindano."

"Aki huyo fahali na wewe mlikutana." Lynnet alicheka, kisha akaacha. "Bhoke, Mama Mkubwa ataukamata mguu huo kwa mikono yake miwili. Utazungushwa kama sufuria inayonunuliwa. Si tufanye kitu?"

"Nitaiosha mwenyewe. Jua liko wapi?"

"Bado liko juu, lakini leo ni Ijumaa. Likizama, kazi imekwisha."

Ijumaa katika nyumba za watu wale ndiyo Siku ya Maandalio. Nguo hupigwa pasi siku hiyo, viatu hung'arishwa, chakula cha kesho huivishwa na kufunikwa, na kucha hukatwa. Jua likigusa ukingo wa dunia, pasi hutua na kisu hutua. Bhoke alilelewa hivyo hivyo upande wa Kuria, na mama yake aliwahi kumwaga unga uliokandwa nusu kwa sababu giza lilimtangulia.

Alichemsha maji, akayamimina katika beseni la plastiki, akayapoza kwa maji ya mtungi hadi kiwiko kikayavumilia, akatia chumvi kiganja kimoja na limau lililokamuliwa. Kwanza alikata kucha zikiwa kavu, moja kwa moja, bila kuziviringisha pembeni, kwa maana ukucha unaoviringishwa hurudi kuichoma nyama. Ule mweusi aliupunguza ncha tu. Kisha akatumbukiza miguu yote miwili, akauacha uvuguvugu upande hadi magotini, macho yamelegea.

"Loo, kumbe una uso mzuri ukipumzika," Lynnet alisema akiwa jikoni, akiwapaa samaki magamba. "Sijawahi kukuona ukikaa bila kazi."

"Hii ni kazi."

"Hii ni raha, dada. Usitie raha jina lingine."

Ngozi ilipolegea, Bhoke aliutoa mguu wa kushoto akauweka juu ya goti. Akakisugua kisigino kwa jiwe gumu la ziwani, kwa mizunguko midogo, bila pupa, kwani anayesugua kwa hasira hujichuna. Ngozi iliyokufa ikatoka kama ukoko wa uji. Pande za mguu akazipitia kwa gunzi la mahindi. Ngozi nyembamba iliyopanda juu ya kucha aliisukuma nyuma kwa kitambaa kilichoviringwa kidoleni. Akausuuza mguu, akaukausha, hasa katikati ya vidole. Mwisho akafungua kopo la mafuta.

Lynnet alikuja kunusa. "Hayo si mafuta ya kukamulia ng'ombe?"

"Ndiyo hayo. Chuchu ya ng'ombe iliyopasuka hupona kwa siku chache. Kisigino changu ni nani?"

Alipomaliza, mguu wa kushoto ulikuwa kama wa mtu mwingine. Lynnet aliushika, akaugeuza, akapiga ulimi kwa mshangao. Wa kulia ulikuwa bado majini, ukingoja zamu yake. Hapo ndipo Walter alipopiga hodi.

Aliingia akiwa nadhifu kama siku zote, viatu vyake vikimeta, mfuko mdogo wa karatasi mkononi. Alimtazama Bhoke ameketi pale, sketi imekunjwa magotini, mguu mmoja unang'aa kwa mafuta na mwingine umezama katika maji, na kwa muda mfupi alisahau alichokijia. Bhoke aliliona hilo. Hakuishusha sketi wala hakuipandisha.

"Umependeza," Walter alisema kwa sauti ndogo.

"Nimependeza nusu. Karibu ukae."

Lynnet alikumbuka ghafla kwamba samaki wanaungua, ingawa mafuta yalikuwa hayajatiwa moto. Walter alivuta kigoda, akafungua mfuko, akatoa kichupa cha rangi ya kucha.

"Nimezunguka mji mzima nikiitafuta hii."

"Rangi? Kesho ni Meza ya Bwana, Walter. Mama yako akiona rangi kwenye kucha zangu atanitoa nje kwa sikio."

"Hataiona. Ni rangi ya ngozi. Ukiipaka juu ya ule ukucha mweusi, hakuna atakayejua kuna kitu."

"Na akiuona ukucha mweusi, kuna nini?"

Walter aliugeuza kichupa vidoleni. Alikuwa mtu mwema; tatizo lake lilikuwa kwamba alipenda kila mtu awe radhi naye saa ile ile.

"Mama nilimwambia uko afisini," alisema.

"Afisi gani?"

"Ya mifugo. Kule Migori. Nilimwambia kazi yako ni kuandika ripoti."

"Naandika ripoti. Nikishatoka zizini."

"Ya zizini sikumwambia."

Maji yalisikika yakigonga ukingo wa beseni, kwa maana mguu wa Bhoke uliokuwa ndani ulikuwa umetikisika.

"Siku ya kwanza uliniona wapi?" aliuliza.

"Unajua ni wapi."

"Niambie."

"Ogwedhi. Ndani ya boma la mnada. Nilikuja kununua fahali, ukaniambia fahali huyo ana vidonda mdomoni, nisimnunue."

"Nilikuwa nimevaa nini?"

"Gambuti."

"Na mkono wangu ulikuwa wapi?"

Walter alitabasamu bila kupenda. "Ndani ya mdomo wa fahali."

"Ukarudi juma lililofuata. Ukarudi tena. Hukutafuta fahali mwingine. Leo mbele ya mama yako nimekuwa karani?"

"Nilifanya hivyo kwa ajili yako, Bhoke! Humjui mama yangu. Kitu cha kwanza ambacho angeniuliza ni hiki: huyo msichana akiitwa kwa ng'ombe siku ya Sabato, ataenda? Ningemjibu nini?"

"Ungemjibu aniulize mimi."

"Angesema basi imekwisha."

"Na sasa haijaisha? Mimi niingie kwake na mguu uliopakwa rangi, niishi kwake na mguu uliopakwa rangi? Siku rangi ikibanduka, nikwambie ukanunue nyingine?"

"Usinipigie kelele, Lynnet anasikia."

"Sijapiga kelele!"

"Mimi sisikii chochote!" Lynnet aliitika kutoka jikoni.

Hakuna aliyecheka. Waliendelea, neno likifuata neno, kila mmoja akifukua alilokuwa amelizika: barua ya posa iliyoahirishwa, safari za Ntimaru ambazo Walter aliziahidi na hakuzifanya, baba yake Bhoke aliyeuliza kama huyo kijana wa ziwani ana miguu au ana simu tu. Bhoke naye alirushiwa lake, kwamba kiburi chake ni kirefu kuliko mnyororo wa ng'ombe. Mtu anapogombana na ampendaye hatazami saa. Walipoishiwa pumzi, kivuli cha ukuta kilikuwa kimeumeza ua wote, na Lynnet alisimama mlangoni mikono ikiwa imefutwa, jiko likiwa limezimwa.

"Jamani," alisema taratibu, "jua limezama."

Bhoke aliutazama mguu wake wa kulia ndani ya maji yaliyopoa. Jiwe lilikuwa kando. Gunzi lilikuwa kando. Kisigino kilikuwa kimelainika, tayari kabisa, kikisubiri mkono.

Walter aliona alichokiona Bhoke, akainama karibu. "Maliza tu," alinong'ona. "Ni kisigino kimoja. Nifunge mlango. Nani ataona?"

"Wewe umeona."

"Mimi?"

"Mwana wa shemasi ananifundisha kufunga mlango." Aliutoa mguu majini, akaukausha, akasimama. Maji akayaacha pale pale. "Kesho usinipitie. Nitakwenda na Lynnet. Na baada ya kesho, sijui, Walter. Nilidhani mwenye shaka nami ni mama yako peke yake."

Walter aliondoka kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu na asiyekumbuka ni kipi. Kichupa cha rangi kilibaki juu ya kigoda.

Walisali sala ya kufungua Sabato, wakala, wakalala mapema. Lynnet hakuweza kuvumilia, alipokwisha jifunika alisema, "Bhoke, mguu mmoja utakuwa kama wa bibi arusi na mwingine kama wa mkokoteni. Utamwambia nini?"

"Akiniuliza, nitamjibu."

"Na asipouliza?"

Swali hilo ndilo Bhoke alilokuwa akiliogopa.

Siku ya pili, baada ya hubiri, wanawake walielekea katika darasa la watoto, nyuma ya kanisa. Viti vilipangwa vikitazamana. Mabeseni yalijazwa maji ya uvuguvugu, taulo nyeupe zikagawiwa, na wimbo ukaanzishwa kwa Kidholuo, wa polepole, ule ambao hauna haja ya kitabu. Mama Damaris alikuwa mrefu, amevaa nguo nyeupe na kitambaa cheupe kichwani. Alijifunga taulo kiunoni, akapiga magoti mbele ya Bhoke kwa shida kidogo, akanyoosha mkono.

"Lete."

Bhoke alimpa mguu wa kushoto. Mama aliuweka majini, akaupapasa kwa viganja, akapita kisiginoni kwa kidole gumba. Mguu ulikuwa laini.

"Mguu wa afisini," alisema, bila kuinua macho.

Bhoke aliutazama mguu huo ukikaushwa kwa taulo.

"Mwingine."

Alimpa wa kulia. Mikono ya Mama Damaris iliushika, ikasita. Kidole gumba chake kilipita katika mipasuko ya kisigino, kikarudi, kikapita tena. Halafu akauona ukucha mweusi. Mwanamke aliyekuwa kiti cha jirani aliacha kuimba ili aone vizuri zaidi.

"Msichana," alisema Mama Damaris, "una miguu ya watu wawili?"

"Ni yangu yote miwili, Mama."

"Huu umeusugua. Huu hukuusugua. Kwa nini?"

"Jua lilizama, Mama."

Mama Damaris aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho madogo, makavu, ya mtu aliyehesabu mambo mengi maishani na kukosea machache.

"Jua lilizama mguu ukiwa wapi?"

"Ukiwa majini."

"Na jiwe?"

"Lilikuwa kando, karibu na mkono."

"Hukuligusa."

"Sikuligusa."

Maji yaliteremka kutoka kwenye kiganja cha mama yakaanguka juu ya kidole cheusi. "Na huu? Karatasi za afisini zimekuangukia?"

Hapo ndipo Bhoke alipoona kwamba mlango uko wazi pande zote mbili, na kwamba hakuna mwingine wa kuuchagua kwa niaba yake. "Fahali alinikanyaga, Mama, Ogwedhi. Mimi ni mtu wa zizini. Ripoti naandika, lakini kazi yangu ni mifugo."

"Mwanangu aliniambia mengine."

"Najua aliyokuambia. Nimeyajua jana."

"Ehe. Na ng'ombe akikwama kuzaa siku ya Sabato, wakakuita?"

Mwanamke wa jirani sasa hakujisumbua hata kujifanya anaimba.

"Naenda, Mama. Nimeshakwenda, na si mara moja. Nikiitwa Sabato nyingine, nitakwenda. Sitakuficha."

"Unakwenda kwa ng'ombe, na kisigino chako mwenyewe unakiacha?"

"Kisigino kilikuwa hakifi, Mama."

Hapo Mama Damaris alifanya jambo ambalo mashemasi walilizungumzia baadaye kwa muda mrefu: alicheka. Kicheko kilikuwa kifupi, kilichotoka puani, na alikifunika mara moja kwa kikohozi. Akaukausha mguu wa kulia, akapita katikati ya kila kidole, na ukucha mweusi akaugusa kwa pembe ya taulo kana kwamba ni jicho la mtoto.

"Ni zamu yangu," alisema akiinuka.

Bhoke alijifunga taulo akapiga magoti. Mguu wa kwanza wa Mama Damaris ulikuwa mkavu na mgumu, wa mwanamke aliyelima na kuteka maji kabla ya kuwa shemasi. Wa pili, alipougusa kidole gumba, ulishtuka mikononi mwake kama samaki.

"Mama, ukucha umeingia nyama."

"Tawadha."

"Umevimba. Una muda gani?"

"Tawadha, msichana. Si hospitali hapa."

Bhoke aliutawadha taratibu, akiyamwaga maji juu ya kidole bila kukigusa. Alielewa sasa kwa nini mama huyu hutembea ameinua kichwa hivyo kanisani: asiyetaka kuonekana akichechemea hunyoosha shingo. Aliinama zaidi, akasema kwa sauti ambayo hata jirani hakuipata, "Leo sitaushika. Lakini jua likizama, nina maji, nina chumvi, nina mkono."

"Unataka mimi nikufuate wewe? Shauri Yako?"

"Ningekuja kwako, Mama. Lakini sijakaribishwa tena."

Mama Damaris aliinamisha kichwa kwa sala. Walisali pamoja, kama ilivyo ada, wakakumbatiana, kama ilivyo ada, na Bhoke hakuweza kupima kama kumbatio lile lilikuwa la ada tu au lilikuwa na zaidi. Upande wa pili wa uwanja wanaume nao walikuwa wakitoka katika chumba chao. Walter alisimama kando peke yake akimtafuta kwa macho. Bhoke alipita.

Jioni alikunja nguo zake akazipanga begini. Alikuwa amekwisha amua kurudi Migori asubuhi yake, na Lynnet, aliyekuwa amekaa kitandani amekasirika, alikuwa akizitoa nguo zile zile kwa upande wa pili.

"Unakimbia kabla hujafukuzwa?"

"Sikimbii. Ng'ombe wananingoja."

"Ng'ombe, ng'ombe! Na huyo anayelia kule kwa mama yake?"

"Analia?"

"Sijui. Lakini amenipigia simu tangu mchana, na wewe huulizi."

Nje mwanga ulikuwa umegeuka kuwa wa shaba, ukafifia, ukaondoka. Majirani waliimba wimbo wa kufunga Sabato. Walipofika ubeti wa mwisho, hodi ilipigwa, nayo haikungoja karibu.

Mama Damaris aliingia akichechemea waziwazi, mkono mmoja ukishika ukuta. Nyuma yake Walter alikuwa amebeba mkoba wa mama yake, uso chini.

"Jua limezama," alisema mama. "Liko wapi hilo beseni?"

Lynnet aliruka kulitafuta. Bhoke alisimama na blauzi mkononi, hakujua aiweke begini au kitandani. Mama aliliona begi lililofunguliwa, akalitazama kwa kitambo. Aliketi, akavua kiatu.

"Walter."

"Naam, Mama."

"Jiko liko pale. Washa. Ulinieleza kwamba mwenzako kazi yake ni kalamu. Mimi nataka kuona kama wewe unaweza hata kuchemsha maji."

"Mama, nilitaka tu—"

"Ulitaka nimpende mtu ambaye hayupo. Huyo uliyemtengeneza mimi nilikwisha mkataa moyoni. Alikuwa laini mno. Washa jiko."

Maji yalipokuwa tayari Bhoke aliyapima kwa kiwiko, akatia chumvi, akauloweka mguu ule hadi ngozi ikalegea. Alifanya kazi bila kuongea. Aliinua pembe ya ukucha kidogo kidogo, akaweka chini yake uzi wa pamba safi ili usirudi nyamani, akaosha. Mama Damaris alishika ukingo wa kiti kwa vidole vyote, asitoe hata mguno. Ilipokwisha, aliuachia ukingo.

"Kesho uende hospitali wakuone, kidole kimevimba," Bhoke alisema. "Na usivae viatu vya kubana."

"Hata ng'ombe unawaamuru hivyo?"

"Ng'ombe husikia haraka zaidi."

Kicheko kile cha puani kilitoka tena, na safari hii hakikufunikwa. Mama alisimama akaujaribu mguu wake sakafuni. Kisha akauchukua mkoba wake kutoka mikononi mwa mwanawe na kumwita Lynnet amsindikize hadi barabarani, penye bodaboda.

Mlangoni aligeuka. "Nyathina," alimwambia Bhoke, na neno hilo, mwanangu, hakuwa amempa mtu asiye wa nyumba yake. "Baba yako anapenda wageni waje mwezi gani?"

"Mahindi yakishavunwa, Mama."

"Vyema." Akamtazama Walter aliyekuwa amesimama kando ya jiko, masizi yamemwingia kwenye mikono ya shati. "Wewe baki. Huyu mguu wake mmoja, kama ulivyoniungamia, uliachwa majini kwa sababu ya maneno yako. Maji bado ni ya moto."

Akaondoka na Lynnet, na mazungumzo yao yakafifia nje ya ua.

Walter alimwaga maji machafu, akamimina mapya, akakumbuka kuyapima kwa kiwiko kama alivyomwona Bhoke akifanya. Akaketi kwenye kigoda cha chini. Kichupa cha rangi kilikuwa dirishani, Lynnet alikokiweka. Alikiona, akakichukua na kukitupa kwenye ndoo ya taka.

Bhoke alilisogeza begi kando kwa mguu wa kushoto, akaketi, akautumbukiza wa kulia.

"Sijakusamehe yote," alisema.

"Najua."

"Ukisugua kwa nguvu utanichuna."

"Nifundishe."

Alimwekea jiwe kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake. "Anza na kisigino. Zungusha kidogo kidogo. Na ukucha ule mweusi usiuguse. Utaanguka wenyewe, mwingine uko chini yake unakuja."